Mstari wa Idjwi

Boti iliyotoka Goma usiku, ikipambazukiwa kabla ya kufika Bukavu, huwa na kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, upande wake wa kushoto. Jua huchomoza nyuma ya kisiwa. Mashamba, miti na nyumba havijaonekana bado. Kuna mstari mmoja mweusi, anga juu yake na ziwa chini. Wengi huuchukulia mstari huo kama picha iliyopungukiwa, ya kutazamwa huku ukingoja mwanga. Mimi nauona kuwa andiko kamili linalostahili kusomwa kabla rangi hazijalifunika.

Jambo la kwanza ni kwamba mstari huo haupo kisiwani. Umejichora pale tu ambapo macho yanaparaza mteremko na kuponyoka kwenda angani. Boti ikisogea, macho yanaparaza mteremko mwingine, na mstari unahama juu ya ardhi ingawa ardhi imetulia. Kwa hiyo umebeba mambo mawili kwa pamoja, umbo la kisiwa na mwendo wa chombo, na ugumu wote wa kuusoma ni kuyatenganisha.

Pa kushika papo. Chukua bapa linalopita kwenye njia ya boti, uliinue polepole kutoka majini hadi liguse kisiwa mara ya mwisho. Nukta hiyo ya mguso imo katika mstari wa sasa, na boti ikienda moja kwa moja itakuwamo katika mstari wa baadaye pia. Nyingine zote kando yake zinateleza. Watafiti Mendonça, Wong na Cipolla, katika makala yao ya 2001, walitumia nukta za namna hii kwa vitu vinavyozungushwa mbele ya kamera: miguso ya juu na ya chini iliwasaidia kupata pembe za mzunguko. Kwa Idjwi tuna ya juu tu. Ya chini imo ziwani.

Hata hivyo, si kila umbo linasomeka. Chungu cha duara kamili, kikizungushwa kwenye mhimili wake, hakibadilishi ukingo wake hata kidogo. Mtazamaji hawezi kujua kama kimezunguka. Vilima vya Idjwi havilingani, vingine vinapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari ilhali ziwa liko takriban 1,460, na kutolingana huko ndiko kunakoufanya mstari useme.

Tazama panapobonyea. Mtafiti Koenderink alionyesha mwaka 1984 kwamba ukingo laini unaoingia ndani ni dalili ya uso wenye umbo la tandiko: unapanda kushoto na kulia, unashuka mbele na nyuma. Yaani shingo kati ya vilima viwili, mahali ambapo mtu angevuka kwa kupanda kidogo. Lakini mbonyeo ukiwa mkali, na mstari mmoja ukakatika ghafla juu ya mwingine, hakuna shingo hapo: kilima cha mbele kimekificha cha nyuma. Msomaji mwenye haraka huchanganya viwili hivi na kujitungia njia isiyokuwepo.

Udhaifu mkubwa wa mstari uko chini, penye maji. Volkano za Virunga ziliziba njia ya maji ya kale kuelekea kaskazini, ziwa likapanda na kuzamisha mabonde. Ndiyo maana pwani za Kivu zimejaa ghuba. Kwa abiria aliye karibu na usawa wa maji, ghuba hizo hubanwa zikawa mstari ulionyooka. Mtafiti Laurentini alieleza mwaka 1994 mpaka wa usomaji wa namna hii: vivuli vya kitu, hata vikikusanywa kutoka pande zote, hutoa ganda linalokizunguka kitu, na mashimo yasiyogusa ukingo hubaki yamejazwa. Ramani iliyotengenezwa kwa mapambazuko peke yake ingefukia ghuba za Idjwi pamoja na mitumbwi iliyomo. Nalihesabu hilo kuwa kosa zito, maana kwa wavuvi ghuba ndiyo mlango wa nyumba. Kutoka vilima vya Kalehe, ng'ambo ya magharibi, ufuo huo hufunguka, na mstari unaosomwa huko ni mpaka halisi wa nchi kavu, unaobaki palepale hata mtazamaji akihama.