Yusufu, Mtu wa Bahati

Neno la Kiingereza "luck", yaani bahati, liliingia katika lugha hiyo karne ya 15, kutoka kwa Waholanzi na majirani zao Wajerumani. Yadhaniwa lilikuja na wacheza kamari. Mwaka 1530 William Tyndale, akifasiri kitabu cha Mwanzo, alimwita Yusufu mtu wa bahati. Wafasiri wa 1611 waliandika mtu wa kufanikiwa. Naona neno la Tyndale latufundisha zaidi. Kufanikiwa twaweza kukudhania kuwa ni jasho letu. Bali Yusufu alikuwa mtumwa, ameuzwa kwa vipande 20 vya fedha. Bahati ya kamari haina mpaji. Ya Yusufu yatanguliwa na jina la Bwana. Neno letu bahati, asili yake Kiajemi, lilikuwa na maana ya fungu. Na fungu lina mgawaji.