Kimo cha Mtawala: Fasihi Inavyosawiri Mwili wa Kiongozi

Utangulizi

Mwanasiasa anapopanda jukwaani, hadhira huanza kumsikiliza kwa macho. Kabla hajatamka neno, watu wamekwisha kumpima: ni mrefu au mfupi, ana kitambi au amekonda, suti imemkaa au imemning'inia. Jioni yake utawasikia kwenye matatu wakibishana kuhusu kimo chake na mwendo wake, na ni nadra kumsikia anayekumbuka alisema nini kuhusu bei ya unga. Mazoea haya hayaishii barabarani. Huingia darasani, yakaingia katika tamthilia na riwaya tunazofundisha, na hatimaye yakaonekana katika karatasi ya tatu ya mtihani, ambako mtahiniwa hueleza sura ya mhusika badala ya sifa zake.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi waandishi walivyoutumia mwili wa mtawala kama mbinu, na namna mtahiniwa anavyoweza kuujadili bila kunaswa nao.

Nianze kwa kisa. Wanafunzi wetu walikuwa wakimchagua kiranja mkuu. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mfupi kuliko wenzake wote waliogombea, alitoa hotuba iliyopangika vizuri kuhusu chakula, maktaba na adhabu. Alipomaliza, sauti moja ilitoka nyuma: huyo akisimama gwaridheni tutamwona vipi? Ukumbi mzima ulicheka. Walimu tulicheka, nami nilicheka pamoja nao. Alishindwa kwa kura nyingi na mvulana mrefu ambaye hotuba yake siikumbuki.

Juma lililofuata nilikuwa na darasa lao. Nilikuwa nimewapa Kifo Kisimani waisome kwa ziada, ingawa haitahiniwi tena. Msichana yule aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, Mwelusi alikuwa na kimo gani?" Sikuwa na jibu. Nilirudi kitabuni jioni hiyo na swali lake, na makala haya yametokana nalo.

Lugha inavyopima uongozi

Kabla ya kuwalaumu wapiga kura, tuitazame lugha yenyewe. Katika Kiswahili, mwenye cheo ni mkubwa na aliye chini yake ni mdogo wake. Mtu mwenye uwezo ni mzito. Katika mazungumzo ya mitaani hapa Kenya, wenye mamlaka ni wanene. Gazeti likitaka kumtaja mtu maarufu wa chama humwita kigogo, neno linalotokana na gogo la mti. Kwa hivyo, tangu utotoni msemaji wa Kiswahili amefundishwa na msamiati wake kwamba madaraka yana uzito na ukubwa unaoweza kuonekana kwa jicho.

Hata hivyo, lugha hiyohiyo inatuonya. Methali inasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nyingine inasema mdharau mwiba mguu huota tende. Ya kwanza inamhusu anayevutiwa na umbo, ya pili anayelidharau. Wahenga waliijua tamaa hii ya macho, ndiyo maana wakatunga methali za kuipinga. Mwalimu anayefundisha usawiri wa wahusika anaweza kuanzia hapa, kwani wanafunzi wanazifahamu methali hizi tayari.

Kutoka kwa Liyongo hadi kwa Mwelusi

Shujaa mashuhuri zaidi wa fasihi simulizi ya pwani yetu ni Fumo Liyongo. Visa vyake vilitungiwa utendi na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913. Liyongo ni jitu. Urefu wake na nguvu zake ndizo zinazomtia mfalme wa Pate hofu. Anafungwa, anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, na hatimaye anauawa na mwanawe mwenyewe, ambaye ameahidiwa binti ya mfalme. Silaha ni msumari wa shaba unaochomwa kitovuni, mahali pekee palipoweza kumdhuru. Hata baada ya kufa anabaki amepiga magoti kisimani, mshale u kwenye upinde, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji. Mwili wake unatisha hata roho ikiwa imetoka.

Kithaka wa Mberia alipoandika Kifo Kisimani (2001) aliuchukua mfupa wa kisa hiki. Tuna mtawala mwenye hofu, Mtemi Bokono wa Butangi. Tuna mtetezi anayefungwa na kuteswa, Mwelusi. Tuna ndugu yake, Gege, anayeahidiwa binti ya mtawala ili aue. Tuna kisima na kifo. Ila kuna jambo moja ambalo mwandishi hakulichukua, nalo ni ujitu. Katika tamthilia hii Mwelusi haogopwi kwa sababu anaweza kung'oa milango. Anaogopwa kwa sababu anazungumza na watu na watu wanamsikiliza. Kile kilichokuwa nguvu za misuli katika visa vya Liyongo kimegeuka kuwa nguvu za hoja.

Mabadiliko haya yana uzito wa kimaudhui. Jitu likifa, watu hungoja jitu jingine lizaliwe. Mtetezi wa kawaida akifa, kazi yake inaweza kuendelezwa na yeyote aliyemwelewa. Ndiyo maana kifo cha Mwelusi hakiuzimi upinzani wa wanabutangi. Basi jibu la swali la mwanafunzi wangu ni hili: kimo cha Mwelusi hakimsaidii wala hakimzuii, na tamthilia inasimama vilevile awe mrefu au mfupi. Kisima ni kilekile, lakini mwandishi ameutoa mwili katikati ya kisa akaweka neno mahali pake.

Kaizari na mtu mwembamba

Mfano wa pili ni wa tafsiri. Julius Nyerere aliifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka wa 1963, na toleo lililosahihishwa, Juliasi Kaizari, likatoka mwaka wa 1969. Humo mna mtawala anayeamua nani ni hatari kwa kutazama mwili. Kaizari anataka azungukwe na watu walionenepa wanaolala usingizi, na anamshuku Cassius kwa sababu amekonda na anafikiri sana. Msomaji anajua kwamba hajakosea kumhusu Cassius. Lakini Brutus, ambaye Kaizari hana shaka naye, ndiye anayemkamilishia kifo. Jicho limeona mmoja na kumkosa mwingine.

Cassius naye ana ugonjwa uleule. Anapomshawishi Brutus, hoja yake kubwa ni mwili wa Kaizari. Anasimulia jinsi Kaizari alivyoshindwa kuogelea na kuomba kuokolewa, na jinsi alivyotetemeka kwa homa. Anashangaa mtu dhaifu hivi amewezaje kusimama juu ya dunia kama sanamu kubwa na wengine wakapita chini ya miguu yake. Ajabu ni kwamba hazungumzii sheria mbaya wala dhuluma yoyote. Kwake, mwili dhaifu ni sababu ya kutosha ya mtu kutotawala. Hapa pana kinaya ambacho mtahiniwa makini hawezi kukipita: mtawala na mpinzani wake wanachukiana, lakini wote wawili wanatumia kipimo kimoja kibovu.

Historia ya Afrika Mashariki ilimpa mfasiri huyo mwembamba hasimu wa aina ya pekee. Idi Amin, aliyetawala Uganda kuanzia 1971 hadi 1979, alikuwa pande la mtu na bingwa wa ndondi wa Uganda kwa miaka mingi. Wakati wa vita vya 1978 na 1979 aliripotiwa kupendekeza kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi wao ulingoni, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Wengi walicheka, lakini pendekezo hilo lilieleza kikamilifu imani kwamba uongozi ni misuli. Tuwe waangalifu hata hivyo. Amin hakuwa katili kwa sababu alikuwa mkubwa, kama vile Nyerere hakuwa mwanafikra kwa sababu alikuwa mwembamba. Tukisema hivyo tutakuwa tumerudi kwa Kaizari.

Mwili kama kejeli

Yuko mwandishi aliyeutumia mwili wa wenye nguvu kwa makusudi kuliko wengi, naye ni Ngugi wa Thiong'o. Katika Shetani Msalabani, wezi na wanyang'anyi wanashindana pangoni Ilmorog kueleza ujuzi wao. Gitutu wa Gataanguru ana tumbo ambalo lingekaribia kugusa chini lisingeshikiliwa na kanda za suruali. Hii ni chuku, na pia ni jazanda: tumbo ni ghala la jasho la wengine. Mtahiniwa akikomea hapo atasema kitambi ni ishara ya wizi. Lakini anayemfuata, Kihaahu wa Gatheeca, ni mrefu na mwembamba kila kiungo, naye ni mnyang'anyi vilevile. Kwa kuwaweka wawili hawa jukwaa moja, mwandishi anafunga mlango wa jibu rahisi.

Katika riwaya yake iliyotoka kwa Kiingereza mwaka wa 2006, Wizard of the Crow, kejeli hii imefika kileleni. Waziri Machokali amekwenda London kupanuliwa macho ili yaone maadui wa Mtawala kila pembe ya nchi. Mwenzake Sikiokuu amekwenda Paris kurefushwa masikio. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani anaipata majazi katika majina hayo bila msaada wa kamusi. Mtawala mwenyewe anavimba mpaka madaktari wanashindwa kuueleza ugonjwa wake. Tunaowacheka ni watu waliouza hata viungo vya miili yao ili wapendwe na mkubwa. Aliyezaliwa na masikio makubwa hana la kuaibikia mbele ya riwaya hii; aliyeyanunua kwa ajili ya kusikiliza siri za jirani ndiye anayekejeliwa.

Kinyago cha Sudi

Katika Kigogo ya Pauline Kea, suala la sura limekuwa tukio lenyewe. Utawala wa Majoka unataka vinyago vya mashujaa vichongwe kwa ajili ya sherehe. Sudi anakataa kuchonga kwa amri, akachonga anachokiamini: shujaa wa kike. Swali linaloulizwa na tamthilia ni nani anayestahili kuchongwa, yaani ni sura ya nani itakayowekwa mbele ya umma. Baadaye Tunu anaumizwa mguu na wahuni waliotumwa, naye haachi kuongoza. Mwenye mguu mbovu anasimama imara kuliko mwenye walinzi. Watahiniwa wanaosoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi wanaweza kuwauliza Mtemi Lesulia na Lonare swali hilohilo: ni nini kinachomfanya mmoja aogopwe na mwingine afuatwe?

Ushauri kwa mtahiniwa

Ukiulizwa sifa za mhusika, umbo si sifa. Jibu kama "Bokono ni mkubwa na anatisha" halimpeleki mtahini popote. Jibu linalofaa ni hili: "Bokono ni katili. Anaamuru Mwelusi afungwe na kuteswa kwa kuwa anatetea haki za wanabutangi." Sifa imetajwa, kitendo kimeithibitisha.

Ukikutana na maelezo ya mwili, jiulize mambo matatu. Kwanza, ni nani anayetazama: msimulizi, mpenzi au adui? Pili, mwandishi anakusudia nini: sifa, kejeli au jazanda? Tatu, je, vitendo vya mhusika vinaafikiana na umbo lake au vinalipinga? Vikilipinga, hapo pana kinaya na pana alama.

Kwa mwalimu mwenzangu nina ombi. Katika tamasha za drama za shule tumezoea kumpa mvulana mnene nafasi ya mtawala, na tukimkosa tunamfunga mwembamba mto tumboni. Hadhira hucheka, na majaji nao hucheka. Lakini tunawafundisha wanafunzi kwamba dhalimu hutambulika kwa kitambi. Siku wakikutana na dhalimu mwenye umbo la kupendeza, tabasamu na suti iliyonyooka, watampigia makofi.

Hitimisho

Fasihi yetu haijaupuuza mwili wa kiongozi. Imeukuza, imeuvimbisha, imeuchonga, na wakati mwingine imeunyamazia kabisa, ili tutazame anachokifanya mtu. Msichana yule hakuwa kiranja, na mwaka uliofuata hakugombea. Sikumpa jibu nililoliandika hapa kwa wakati, jambo ambalo ninalijutia. Kilichobaki ni kuwafundisha wanaofuata namna ya kusikiliza kwa masikio.

Maswali ya marudio

1. Linganisha nguvu za Fumo Liyongo na za Mwelusi. Eleza jinsi tofauti hiyo inavyoathiri maudhui. (alama 10)
2. "Jicho la mtawala ni kipofu." Jadili kauli hii ukirejelea tamthilia yoyote uliyosoma. (alama 20)
3. Fafanua matumizi ya chuku, kinaya na majazi katika usawiri wa viongozi. (alama 6)