Jirani Anayetazama

Kijana mmoja wa usharika wetu, mwanafunzi wa chuo, alitujia baada ya ibada na swali: "Mchungaji, kusoma hadithi za kutisha ni dhambi?" Tulidhani anazungumzia mizimu na majini. Kumbe alikuwa na maana ya hadithi ambazo mwandishi hafichi kitu: kila jeraha, kila yowe, kila tone la damu huandikwa. Huko Marekani aina hii ilipewa jina la splatapanki, lililotungwa na mwandishi David J. Schow mwaka 1986. Tulimwomba atuazime kitabu kimoja kwanza, maana hatukutaka kuhukumu tusichokisoma.

Alituletea The Girl Next Door cha Jack Ketchum, riwaya ya mwaka 1989. Meg na mdogo wake Susan, walioachwa yatima na ajali ya gari, wanapelekwa kuishi kwa Ruth, mama aliyeachwa na mumewe. Ruth anaanza na maneno makali, anafuata na njaa, kisha kipigo. Mwishowe anamfungia Meg katika chumba cha chini ya nyumba na kuwaruhusu wanawe na watoto wa mtaa wamtese. Anayesimulia ni David, mvulana wa nyumba ya jirani, ambaye sasa ni mtu mzima. David si mtesaji. Yeye anatazama, na anapoamua kusaidia, amechelewa.

Ketchum hakubuni yote. Mwaka 1965, katika mji wa Indianapolis, Sylvia Likens, msichana wa miaka 16, aliteswa hadi kufa katika nyumba ya Gertrude Baniszewski, mwanamke aliyekuwa akilipwa na wazazi wake ili amtunze. Watoto wa mwanamke huyo na wa majirani walishiriki. Wapo majirani waliosikia kelele wakanyamaza, na hata mchungaji mmoja aliwahi kuitembelea nyumba hiyo akaondoka. Tulipofahamu hilo, tulikifunga kitabu kwa siku kadhaa.

Ubora wa riwaya hii hauko katika damu. Uko katika namna inavyoonyesha dhambi ikikua hatua kwa hatua, huku kila mtoto akijituliza kwamba mtu mzima ameruhusu. Tena mateso yanapofika kilele, msimulizi anagoma. Anakataa kutueleza kilichotendeka, na sura hiyo ni fupi mno. Ukimya huo ulitutikisa kuliko kurasa zote zilizotangulia, kwa sababu ulituuliza: mlikuwa mkingoja kuona nini?

Hata hivyo kitabu kina kasoro kubwa. Meg tunamwona kwa macho ya David tu, hata tunayajua majeraha yake kuliko mawazo yake. Hapo ndipo hadithi nyingi za aina hii huanguka. Anayeteswa hugeuka kuwa kitu cha kutazamwa, naye msomaji huzoea: ukurasa uliomtoa jasho jana, leo haumtoshi, anatafuta mkali zaidi.

Tusijidai kwamba Biblia haina habari za namna hii. Katika Waamuzi 19, suria wa Mlawi anatendwa jeuri usiku kucha, na mwili wake unakatwa vipande 12. Yeye naye hatajwi jina wala hasemi neno. Lakini vipande vile havikupelekwa kwa makabila ili watu waburudike. Vilipelekwa ili Israeli yote ifikiri, ishauriane na kunena. Nalo fundisho la Luther katika Katekisimo Kubwa liko wazi: Amri ya Tano haivunjwi na muuaji peke yake, bali pia na yule anayeweza kumwokoa jirani yake asimwokoe.

Basi kijana tulimjibu hivi: ukimaliza kitabu kama hiki, jiulize umesimama wapi, upande wa Meg au pamoja na wanaotazama. Kikikufungua masikio usikie kilio kilicho karibu nawe, kimekufaa. Kikikuzoesha kilio, kiweke chini, kwa maana kinakufundisha kuwa David.

Naye akatuuliza, "Na wewe, Mchungaji, unasikia?"

Ilitubidi kuungama. Katika usharika tuliotumikia zamani, usiku tulikuwa tukisikia msichana wa kazi akilia nyumba ya pili. Tulisema hayo ni mambo ya nyumba za watu, tukaongeza sauti ya redio. Baadaye tuliambiwa amerudishwa kwao. Hatukuwahi hata kuuliza jina lake.

Mungu atusamehe. Na wewe unayesoma haya, ukisikia kilio upande wa pili wa ukuta, usikae kutazama. Inuka ukabishe hodi.