Jicho la Mthamini

Mwezi Januari 2014, mjini Scottsdale, Arizona, kampuni ya mnada ya Gooding iliuza magari mawili ya aina moja: Mercedes-Benz 300 SL, yale ambayo milango yake hufunguka kwenda juu. Moja lilikuwa limefumuliwa na kutengenezwa upya, rangi inateleza, siti zinanukia ngozi mpya. Jingine halikuwa limeguswa. Rangi yake ilikuwa imefubaa, na lilionekana wazi kuwa limekaa miaka mingi bila kushughulikiwa. Lile linalong'aa lilinunuliwa kwa takriban dola milioni 1.4. Lililofubaa likaenda kwa karibu milioni 1.9.

Kwa aliyezoea kununua gari la mtumba Dar es Salaam au Mombasa, hesabu hiyo inaonekana kama wendawazimu. Kwetu gari hupigwa rangi ndipo lipate bei. Lakini aliyetoa nusu milioni ya ziada hakulipia vumbi. Alilipia uhakika kwamba bati, bolti na uzi wa siti vilikuwa vile vile vilivyowekwa na mikono ya kiwandani katika miaka ya 1950. Uhakika huo hauji wenyewe. Kuna mtu aliyeinama chini ya gari na tochi, akausoma. Kazi ya mtu huyo, mthamini wa magari ya zamani yasiyoguswa, ni ufundi unaostahili kutazamwa kwa utulivu.

Tuanze na gari lenyewe, kwa sababu bila kujua lilivyoundwa hutaelewa anachokitafuta. 300 SL yenye paa iliundwa kati ya 1954 na 1957, na jumla yake ni 1,400 tu. Mifupa yake ni wavu wa mabomba membamba yaliyochomelewa pembetatu pembetatu, mepesi lakini magumu. Ili wavu ule uwe imara ilibidi mabomba yapite juu ubavuni, pale ambapo gari la kawaida lina mlango. Ndiyo maana milango ikafungwa bawaba zake kwenye paa. Halikuwa pambo, ilikuwa ni lazima. Dereva huketi kwanza juu ya kizingiti kipana, hukunja usukani ulioundwa ujikunje, kisha huingiza miguu. Sehemu kubwa ya bodi ni chuma, ila milango, boneti na mfuniko wa buti ni alumini. Magari 29 tu yaliundwa kwa bodi nzima ya alumini, na moja kati ya hayo liliuzwa Arizona mwaka 2022 kwa dola 6,825,000.

Mthamini mzuri haanzi na gari. Anaanza na karatasi. Mercedes-Benz iliandika kadi ya kila gari ilipoliunda: namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, aina ya kitambaa au ngozi ya siti, na vitu vya ziada alivyoagiza mnunuzi wa kwanza. Hiyo kadi ndiyo cheti cha kuzaliwa. Baada yake zinafuata stakabadhi za gereji, hati za usajili, picha za familia ambamo gari linaonekana kwa nyuma, na barua. Kila karatasi yenye tarehe na idadi ya maili huwekwa kwenye mstari mmoja, ya zamani mbele, mpya nyuma. Namba zinapaswa kupanda taratibu. Zikishuka, au zikisimama miaka kumi bila maelezo kisha zikaruka, mthamini anaweka alama ya kuuliza pembeni na kuendelea bila kusema neno.

Karatasi zikishakaa sawa, ndipo anaingia karakana. Hapo anakuwa kama kadhi mwenye mashahidi wengi mbele yake: hamwamini hata mmoja akiwa peke yake, na hamdharau yeyote.

Namba anayoiangalia mwisho ni ile ambayo muuzaji huitaja kwanza. Mita ya maili ni kidude cha gia ndogo ndogo, na mita nyingi za zama zile zilikuwa na tarakimu tano tu. Zikipita 99,999 zilirudi kwenye sufuri, na gari lililochoka likasomeka kama jipya. Na hata kabla ya hapo, fundi mwenye bisibisi na saa moja ya faragha angeweza kuirudisha nyuma apendavyo. Wanunuzi wa magari ya mtumba wa Afrika Mashariki wanaijua hila hii vizuri. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi, na katika biashara hii msemo huo unafaa kuchukuliwa kwa maana yake ya wazi kabisa.

Basi mthamini anawauliza mashahidi wengine. Raba ya pedali ya klachi: kona zake bado zina mistari, au zimelainika? Zulia pale kisigino cha kulia kinapotulia: limebonyea au limetoboka? Ukingo wa siti ya dereva, upande wa mlango: ngozi imepasuka kwa kukaliwa au kwa ukavu? Hizo ni alama mbili tofauti. Ukavu hupasua ngozi kotekote, hata kwenye siti ya abiria. Mwili wa mtu huipasua pale unapoteleza tu. Kwenye 300 SL kuna shahidi wa pekee, naye ni kile kizingiti kipana. Kila aliyeingia na kila aliyetoka alikaa pale na kujisukuma. Gari linalodai maili elfu chache huku kizingiti chake kimesuguka hadi kung'aa linajipinga lenyewe. Na kinyume chake, kizingiti kilichowambwa ngozi mpya kabisa kando ya siti kuukuu kinaleta swali baya zaidi: kwa nini mtu ameficha hapa tu?

Kisha rangi. Kipimo chake ni kidude kidogo kinachogusishwa kwenye bati na kutoa unene wa rangi kwa maikroni. Kwa gari hili kipimo kinatakiwa kiweze kusoma juu ya chuma na juu ya alumini pia, la sivyo milango na boneti vitakaa kimya. Mgeni katika kazi hii hutafuta namba fulani anayoijua kichwani. Mzoefu hutafuta ulingano. Anapiga ubavu mzima, nukta baada ya nukta, na anasikiliza mahali ambapo namba inaruka ghafla mara mbili au tatu. Hapo chini huenda kuna puti, na chini ya puti huenda kuna ajali. Baada ya kipimo anarudi kwenye macho yake mwenyewe. Rangi ya kiwandani haikuwa safi kama tunavyodhani. Ndani ya buti, chini ya dashibodi, nyuma ya taa, mpulizaji wa kiwandani alipita haraka, akaacha vumbi la rangi, michirizi, na sehemu zisizofunikwa vizuri. Fundi wa leo anayetengeneza gari upya kwa ajili ya mashindano ya urembo wa magari hawezi kujizuia. Husafisha hata pale ambapo kiwanda kilikuwa kizembe. Ukamilifu wenyewe ndio unaomfichua.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika ukaguzi huu ni vichwa vya skrubu. Bisibisi huacha jeraha kila inapotumika, hata mkononi mwa fundi mpole. Skrubu ambayo haijawahi kufunguliwa ina ufa wenye kingo kali, na mara nyingi rangi au mchovyo wake wa awali haujakatika pale inapokutana na bati. Mthamini anaweza kukaa nusu saa akiangalia skrubu za fremu ya mlango moja baada ya nyingine, na asiyejua atadhani amesinzia. Kumbe anahesabu ni mara ngapi mlango ule umewahi kushushwa.

Chini ya gari anatafuta kitu ambacho mara nyingi hakipo. 300 SL ilitoka kiwandani ikiwa na mabati yaliyofunika tumbo lake, ili upepo upite laini chini yake. Mabati hayo yalizuia joto la injini kutoka, na yalimsumbua kila fundi aliyetaka kubadilisha oili. Wenye magari wengi waliyafungua, wakayaegemeza ukutani, na hatimaye yakapotea. Gari lenye mabati yake ya tumbo, lenye jeki yake, mfuko wake wa spana, kitabu chake cha maelezo na tairi la akiba ambalo halijawahi kugusa barabara, linasema jambo moja kwa sauti nyingi: lilikaa mahali pamoja, na watu waliolimiliki hawakutupa vitu.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kuwa kukaa sana bila kuendeshwa ni baraka tupu. Sivyo, na hapa mthamini hutengana na mpenzi wa magari. Gari lililosimama huugua kimyakimya. Petroli ya zamani huganda kuwa utomvu ndani ya mipira na matundu. Mafuta ya breki hufyonza maji kutoka hewani, maji hula silinda za breki kwa ndani. Sili hukauka, tanki hupata kutu. Kwa 300 SL kuna zaidi. Lilikuwa gari la kwanza la injini ya mipigo minne kuuzwa kwa umma likiwa na pampu inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ukizima injini, pampu ile huendelea kupuliza mpaka mzunguko wa mwisho. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha hushuka na kuchanganyika na oili chini. Safari ndefu huichemsha ikatoweka. Lakini gari ambalo mwenyewe aliliwasha dakika mbili kila mwezi, akiamini analitunza, huenda likawa limelika kuliko lile ambalo mwenyewe alikwenda nalo likizo kila mwaka. Kwa hiyo kabla ya kugeuza ufunguo, mthamini huomba plagi zitolewe, kamera nyembamba iingizwe silindani, na injini izungushwe kwa mkono.

Ndipo bei. Hapa hakuna fomula, ingawa kuna mpangilio. Mthamini huchukua bei ya gari zuri la kawaida la aina hiyo lililouzwa karibuni. Hutoa gharama ya kulirudisha barabarani salama: breki, pampu, tanki, matairi. Huongeza vitu adimu ambavyo kadi ya kiwanda inavithibitisha, kama magurudumu ya Rudge ya kufungwa kwa nati moja katikati, yaliyoagizwa na wachache. Baada ya hapo ndipo anapouliza swali la mwisho: ni nini katika gari hili ambacho fedha haiwezi kukirudisha kikiondoka? Rangi ya awali haiwezi kurudi. Kitambaa cha awali hakiwezi kurudi. Hicho ndicho kinacholipiwa ziada, na ziada hiyo huanguka yote mara moja pale shahidi mmoja tu anapokataa kulingana na wengine.

Fikra hii haikuwapo siku zote. Kwa muda mrefu mashindano makubwa yaliwatuza waliong'arisha zaidi. Mmoja wa waliopinga kwa sauti alikuwa Fred Simeone, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Philadelphia aliyefungua makumbusho yake ya magari ya mbio mwaka 2008, na akahariri kitabu juu ya wajibu wa kuyahifadhi magari yalivyo. Mwaka 2015 mjini Paris, nyumba ya mnada ya Artcurial iliuza Ferrari 250 GT California Spider iliyokutwa imefunikwa na marundo ya magazeti, kwa zaidi ya euro milioni 16. Na mwezi Agosti 2024 tuzo kuu ya mashindano ya Pebble Beach, California, ilikwenda kwa mara ya kwanza kwa gari la kundi la yaliyohifadhiwa bila kutengenezwa upya: Bugatti Type 59 ya 1934, iliyowahi kumilikiwa na Mfalme Leopold III wa Ubelgiji, bado ikiwa na rangi nyeusi iliyopakwa kwa ajili yake. Umaarufu huo umeleta na hila zake. Sasa wapo wauzaji wasiofuta vumbi kwa makusudi, kwa kujua kwamba vumbi limekuwa pambo. Mthamini hulipangusa kwa kidole na kuendelea na skrubu zake.

Mnunuzi akishalipa, ushauri bora anaoupata ni orodha ya mambo ya kutofanya. Asipige rangi. Asibadilishe zulia. Kila kinacholazimika kutoka kwa ajili ya usalama, kama mipira ya breki na matairi, kiwekwe ndani ya boksi lenye jina na tarehe. Na gari liendeshwe, kwa kiasi, safari za kutosha kuchemsha oili.

Wapo wanaoona haya yote ni ushabiki wa matajiri, na kwa sehemu wana haki. Lakini tazama nani hasa hunufaika. Fundi anayelitengeneza upya gari la namna hii, mwenye mikono ya dhahabu, hana pa kujifunzia ila kwenye gari ambalo hakuna aliyeligusa. Huko ndiko anakopima unene wa mstari wa kuchomelea, anakoona bomba lipi lilipakwa rangi na lipi liliachwa, anakojua mshono wa siti ulikuwa na nyuzi ngapi. Gari moja lisiloguswa ni kitabu cha rejea kwa mamia yaliyofumuliwa. Likipotea, wote watakaofuata watakuwa wananakili nakala. Anayejua kulitambua, na kulitofautisha na lile linalojisingizia, anafanya kazi ambayo hata washindani wake wa rangi mpya wanaitegemea.