Kikombe kimevunjika: Lugha ya Bunge ilipochunguza hatua za corona

MWANZONI mwa Aprili 2020, siku chache baada ya kafyu kuanza, mama anayeniuzia sukumawiki karibu na kwangu aliniuliza swali ambalo sijalisahau. "Prof, hebu niambie. Hii kafyu ni sheria, ama ni Rais tu amesema?" Nilimjibu kwamba ni sheria. Alinitazama kwa jicho la mtu aliyezoea kupunjwa na madalali, akaongeza: "Iliandikwa wapi? Na nani aliipitisha?"

Nilirudi nyumbani na mboga zangu bila jibu la maana. Tangu hapo, kila ninapopitia yaliyosemwa na kuandikwa kuhusu namna Bunge letu lilivyochunguza hatua za Serikali wakati wa janga lile, huona kwamba mama yule aliuliza kwa sentensi mbili jambo ambalo kamati zetu zililizunguka kwa miezi. Tena alilitamka kwa Kiswahili sanifu kabisa: kitenzi, mtendwa na mtenda. Nani aliipitisha?

Tuanze na neno lenyewe. Kafyu iliyoanza Machi 27, 2020 ilitangazwa chini ya sheria ya zamani ya kudumisha utulivu wa umma, Sura ya 56, ambayo inampa waziri wa usalama uwezo huo. Haikuwa "hali ya hatari." Msomaji asidhani nacheza na maneno. Kifungu cha 58 cha Katiba kinasema hali ya hatari ikitangazwa haiwezi kupita siku 14 ila kwa idhini ya Bunge la Taifa, na idhini ya kwanza inahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote. Nyongeza zinazofuata zinahitaji robo tatu. Serikali ilipochagua kafyu na kuliacha lile neno jingine, ilichagua pia mlango ambao Bunge halikuwa limesimama. Kafyu ikakaa hadi Oktoba 20, 2021, karibu miezi 19, na haikufika siku ambapo wabunge walilazimika kuhesabiwa kura kabla ya kuongezwa muda.

Sisemi kwamba hali ya hatari ingefaa kutangazwa. Kwa Wakenya wa rika la wazazi wangu, maneno hayo yana harufu ya 1952, na ni sadfa ya ajabu kwamba kafyu iliondolewa katika tarehe ile ile ambayo mkoloni alitangaza yake. Ninachosema ni kwamba neno moja liliamua nani angeulizwa na nani hangeulizwa, nasi tulilipokea neno hilo kama tunavyopokea utabiri wa hali ya hewa.

Bunge lilikuwa na chombo kingine mkononi. Kwa mujibu wa sheria ya 2013 kuhusu kanuni zinazotungwa na mawaziri, kanuni yoyote lazima iwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. La sivyo, inakufa. Kanuni za afya ya umma za Aprili 2020, zilizoweka faini ya Sh20,000 au kifungo cha miezi sita kwa asiyevaa barakoa, zilikuwa za aina hiyo. Ziliandikwa kwa Kiingereza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kule mitaani zilifika zikiwa vipande vipande: redio moja iliziita "maagizo," nyingine "masharti," nyingine "mwongozo," chifu akasema "amri." Jamani, haya si maneno ya mamoja. Mwongozo hufuatwa au usifuatwe. Agizo lina mwagizaji, na mwagizaji anaweza kuwa hana mamlaka. Kanuni huwa na sheria mama. Polisi anayemkamata mtu kwa kuvunja "mwongozo" amemkamata kwa kosa gani?

Tofauti hiyo ilichorwa na mahakama. Jioni ya kwanza ya kafyu, kule Likoni, watu waliokuwa wakisubiri feri walipigwa virungu na kurushiwa vitoza machozi kabla hata ya saa moja kufika. Aprili 16, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba kafyu yenyewe haikukiuka Katiba, ila nguvu zilizotumiwa na polisi kuitekeleza ziliikiuka. Amri ni kitu kimoja, utekelezaji wake ni kingine. Ilihitaji mawakili kwenda kortini ili sentensi hiyo isemwe.

Tuwe waadilifu lakini. Seneti haikulala. Iliunda kamati maalum ya corona ikiongozwa na Johnson Sakaja, kamati ikasikiliza watu na kuandaa mswada wa kusimamia majanga ya maradhi ambao ungelipa Bunge nafasi iliyo wazi zaidi. Mswada huo haukuwa sheria. Mwenyekiti mwenyewe alijiuzulu Julai 2020 baada ya kupatikana nje saa za kafyu. Alikiri kosa na kutozwa faini ya Sh15,000. Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini kicheko kile kilitupotezea jambo: tangu siku hiyo habari ya kamati ikawa habari ya mtu mmoja na baa moja, na kazi ya kuhoji hatua zenyewe ikaingia kivulini.

Niruhusu kuchepuka kidogo. Magazeti yetu, hili nalo likiwemo, yana mazoea ya kusema kwamba Bunge "limempiga msasa" fulani, yaani limemchunguza. Fundi seremala yeyote atakwambia kwamba msasa hauchunguzi. Msasa hupigwa mwisho, meza ikiwa imeshaundwa, ili ilainike na kung'aa. Kama mbao imeliwa na mchwa kwa ndani, msasa hautakuonyesha. Utaificha vizuri zaidi. Kiswahili kina "kusaili," kina "kuhoji," kina "kudadisi." Sijui kwa nini tulichagua neno la kulainisha, ingawa mara nyingine nashuku kwamba waandishi wetu waliona mbali kuliko walivyokusudia.

Sasa KEMSA. Agosti 2020 kashfa ya ununuzi wa vifaa vya corona ilipofumuka, maafisa wakuu wa mamlaka hiyo walisimamishwa kazi, Rais Kenyatta akawapa wapelelezi siku 21, na Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu akakagua matumizi ya Sh7.8 bilioni. Kamati za mabunge yote mawili ziliwaita wahusika. Kamati ya Uwekezaji ya Bunge la Taifa, iliyoongozwa na Abdullswamad Nassir, iliketi siku nyingi, na vikao vikaonyeshwa kwenye runinga. Hapo Bunge lilifanya kazi yake kuliko wakati mwingine wowote wa janga: tulijifunza kwamba bidhaa zilinunuliwa kwa bei iliyopita ya soko, na kwamba nyingi zilikuwa zingali zimelala kwenye maghala ilhali wauguzi wakilia kwamba hawana glavu.

Lakini sikiliza tulivyoyasimulia. "Fedha za corona zilipotea." "Taratibu hazikufuatwa." "Barua zilitolewa." "Bei zilipanda."

Mtoto akivunja kikombe jikoni huja mbio na kusema, "Mama, kikombe kimevunjika." Hasemi amekivunja. Lugha imempa kauli ya kutendeka, naye anaijua kazi yake kabla hajaanza shule: kikombe kilikuwa pale, sasa ni vigae, na kati ya hali hizo mbili hakuna mkono wa mtu. Mama yake, ambaye hajasomea isimu, anaijua pia. Hajadiliani na kitenzi hicho. Anauliza, "Nani amekivunja?"

Kupotea ni kitenzi cha mbuzi. Mbuzi hukata kamba, akaingia kichakani, akapotea. Fedha za umma haziwezi kukata kamba. Kila shilingi ilitoka kwa saini, ikaenda kwa akaunti yenye jina. Kitenzi chake cha haki ni kauli ya kutendwa, yenye ile -w- ambayo huacha mlango wazi kwa "na": ziliidhinishwa na nani, zililipwa na nani, kwa nani. Ukisema "zilitumiwa," msikilizaji anangoja jina. Ukisema "zilitumika," ameshakwenda zake.

Wahariri wana udhuru. Mtu hawezi kuandika "fulani aliiba" kabla korti haijasema, asije akashtakiwa kwa kumharibia mtu jina. Naam, lakini kati ya "aliiba" na "zilipotea" kuna uwanja mpana: aliidhinisha, alitia saini, aliandika barua, alipokea malipo. Hayo ni matendo, si hukumu. Na wabunge hawana hata udhuru huo, kwa sababu Kifungu cha 117 cha Katiba kinawalinda wanaposema ndani ya Bunge. Mwenye kinga akizungumza kama asiye na kinga, tuna haki ya kumuuliza anachokiogopa.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wa tafsiri sentensi ya Kiingereza niliyoibuni mwenyewe kwa mtindo wa ripoti za kamati, isiyotaja mtenda. Wengi waliandika "zilitumika." Wachache waliandika "zilitumiwa," wakaweka nukta. Binti mmoja alirudisha karatasi akiwa ameandika "zilitumiwa na," kisha nafasi tupu. Alidhani amekosea. Nilimwambia ndiye pekee aliyeisoma sentensi hiyo.

Kuna neno jingine linaloniuma zaidi. Mavazi yale ya madaktari tuliyaita "vifaa vya kujikinga." Ile -ji- ni kirejeshi: mkingaji na mkingwaji ni mtu mmoja. Daktari anajikinga. Asipokuwa na vifaa, basi hakujikinga. Mwajiri amefutika katika sarufi. Desemba 2020 daktari kijana wa miaka 28 alifariki kwa Covid-19, na wenzake wakasema alikuwa amefanya kazi miezi mitano bila mshahara na bila bima ya afya. Kabla ya Krismasi madaktari waligoma. Wangekuwa na "vifaa vya kukingwa," au tuseme tu "kinga wanayodai serikali," huenda swali la kwanza katika kamati lingekuwa nani alipaswa kuwakinga, si je, walifuata masharti.

Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Sitaki kila ripoti ya kurasa mia tatu itafsiriwe. Tafsiri mbaya ni msasa mwingine. Naomba kurasa nne tu za Kiswahili mbele ya kila ripoti ya kamati, zilizoandikwa na mtu aliyeelekezwa kwamba kila kitenzi cha kutendwa lazima kifuatwe na jina au cheo, na kwamba pasipo jina kamati iseme wazi ilimuuliza nani naye akakataa kujibu nini.

Mama wa sukumawiki yupo pale pale. Juzi nilimweleza kuhusu zile siku saba za vikao. Alifunga mboga zangu kwa gazeti, akauliza kama siku hizo zilihesabiwa, na ni nani aliyezihesabu.