Mwigizaji au Shahidi? Ulinganisho wa Kazi za Ger Duany na Emmanuel Jal katika Filamu

1. Utangulizi

Makala haya yanalinganisha kazi za waigizaji wawili wa Sudan Kusini waliojipatia jina katika filamu za Marekani: Ger Duany na Emmanuel Jal. Wote wawili walishikishwa bunduki wakiwa watoto katika vita vya pili vya Sudan, wote walipitia Kenya, na wote walikutana mbele ya kamera katika filamu ya The Good Lie, iliyoongozwa na Philippe Falardeau na kutolewa mwaka 2014. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuwasimulia kana kwamba ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Tunadai kwamba masimulizi ya namna hiyo husifu yaliyowapata wasanii hawa na kuyanyamazia waliyoyafanya. Swali linaloongoza makala ni hili: je, mtu anaweza kuyaigiza maisha yake mwenyewe, au anapoyarudia mbele ya hadhira huwa anatoa ushahidi tu?

2. Msingi wa uhakiki

Kitenzi kuigiza kimenyumbuliwa kutokana na kuiga. Anayeiga ana kitu kilicho nje yake anachokitazama na kukifuata. Shahidi hana nafasi hiyo, kwani anatakiwa aseme lililotokea bila kuongeza wala kupunguza. Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hakuna anayeweza kuipinga kauli hiyo. Hata hivyo, methali hii inahusu kujua, haihusu kuonyesha. Kati ya kulijua jambo na kulionyesha mbele ya watu kuna kazi ya mwili, sauti na kipimo, na kazi hiyo ndiyo sanaa.

Marekani yenyewe inalifahamu jambo hili inapowahakiki wasanii wake. Lee Strasberg, katika taasisi ya Actors Studio mjini New York, aliwafunza waigizaji kuchota hisia kutoka kumbukumbu zao wenyewe, na mafunzo hayo yakaitwa ufundi. Robert De Niro alipoongeza takribani kilo 27 kwa ajili ya Raging Bull (1980), alitunukiwa Oscar na kusifiwa kwa kujitoa kwake katika sanaa. Kwa upande mwingine, Haing Ngor, daktari wa Kambodia aliyenusurika katika utawala wa Khmer Rouge, alipata Oscar mwaka 1985 kwa nafasi yake katika The Killing Fields, lakini hadi leo hutajwa kwanza kama manusura. Aliyeifuata tajriba husifiwa kwa ufundi. Aliyefuatwa na tajriba husifiwa kwa uvumilivu. Duany na Jal wamewekwa katika kundi hili la pili.

3. Njia mbili za kazi

Duany aliingia katika sanaa kupitia filamu. Alihamia Marekani mwaka 1994 akiwa mkimbizi, na miaka kumi baadaye David O. Russell akampa nafasi katika I Heart Huckabees (2004). Humo aliigiza kijana mkimbizi wa Sudan anayelelewa na familia ya Kimarekani. Filamu hiyo ni kichekesho cha kifalsafa: mhusika mkuu anakutana na kijana huyo mara kwa mara kwa sadfa, na sadfa hizo zinamfanya atafute maana ya maisha yake. Kwa maneno mengine, mkimbizi ni fumbo la mtu mwingine. Hata katika nafasi hiyo finyu, utulivu wa Duany kati ya wahusika wanaohangaika na kubishana unaonyesha jinsi anavyoweza kutawala onyesho kwa kusema machache. Kitabu chake cha kumbukumbu, Walk Toward the Rising Sun, kilitoka mwaka 2020, miaka 16 baada ya filamu hiyo. Hivyo, wengine waliandika maneno aliyoyasema kabla yeye hajaandika ya kwake.

Jal alikwenda kinyume. Baada ya kuingizwa Kenya na Emma McCune, mfanyakazi wa misaada kutoka Uingereza, alisoma Nairobi na kuanzia kwenye muziki. Wimbo wake Gua ulivuma Kenya mwaka 2005, na katika albamu yenye jina hilo alichanganya Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, Kidinka na Kinuer. Filamu ya hali halisi ya War Child ilifuata mwaka 2008, na kitabu chake cha kumbukumbu mwaka 2009. Kwa hiyo Jal alifika kwenye The Good Lie akiwa amekwisha kutoa ushahidi wake kwa kauli yake mwenyewe na kwa lugha alizozichagua.

4. Katika The Good Lie

Tofauti hiyo ya njia inaonekana katika uigizaji wao. Duany anamwigiza Jeremiah, mcha Mungu aliyeajiriwa dukani, ambaye anaacha kazi kuliko kuendelea kutupa chakula ambacho wahitaji wangekila. Onyesho hilo lingeweza kugeuka mahubiri, lakini Duany analibeba kwa heshima na sauti ya chini, na hukumu yake inakuwa nzito kwa sababu haipigiwi kelele. Jal anamwigiza Paul, ambaye anafanya kazi kiwandani, anavutwa na wenzake kwenye bangi, na uchungu wake unawarudia ndugu zake. Ingetarajiwa mwanamuziki wa majukwaani aipaaze hasira hiyo. Jal anaibana, akaiacha itoke kwa vipande.

Ushahidi mkubwa zaidi kwamba wote wawili wanaigiza umo katika sehemu za kuchekesha, pale wageni wanaposhangazwa na vitu vya nyumba ya Kimarekani, hata simu inayolia. Wakati huo Duany alikuwa ameishi Marekani karibu miaka 20, naye Jal alikuwa mzoefu wa studio na majukwaa ya nchi nyingi. Ugeni huo hawakuwa nao tena. Iliwabidi wautengeneze upya. Aidha, Mamere, kiongozi wa kundi hilo, aliigizwa na Arnold Oceng, aliyekulia Uingereza. Wasanii hawa watatu wanasimama katika familia moja ya kubuni kwa usawa, na mtazamaji asiyesoma wasifu wao hana njia ya kumtambua nani alikuwa vitani. Pamoja na hayo, bango la filamu lilimtanguliza Reese Witherspoon, kana kwamba Wasudan Kusini ndio kisa naye ndiye msanii.

5. Hitimisho

Madhara ya kuwaita wasanii mashahidi yanawafika vijana wetu. Shahidi huitwa mara moja, kwa kesi moja. Kesi ikiisha, hana kazi. Kijana wa Juba anayeambiwa kwamba thamani yake mbele ya kamera ni jeraha lake atakosa nafasi siku jeraha likipona. Mwaka 2012 kundi la South Sudan Theatre Company liliigiza Cymbeline ya Shakespeare kwa Kiarabu cha Juba katika jukwaa la Globe, London. Siku hiyo waigizaji wetu walikuwa wafalme, wasaliti na wapenzi wa Uingereza ya kale, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba walikuwa wakisimulia maisha yao.

Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili kinazidi kutafuta makao hapa. Tunapendekeza kisije na sarufi na mitihani peke yake. Kije pia na istilahi za uhakiki zinazomtenga mwigizaji na shahidi, ili tutakapomtazama Duany au Jal tuulize kwanza amefanya nini kwa sauti na mwili wake, kisha ndipo tuulize alitoka wapi.