Mlevi Kama Msimulizi: Uteuzi wa Matini za Vikao vya Kuacha Pombe Eastlands

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza iwapo kazi ya sanaa inafunza. Makala haya yanahoji utoshelevu wa swali hilo pale ambapo msomaji ni mtu anayejaribu kuacha pombe, ameketi na wenzake Kaloleni, Makongeni au Dandora, na hapana mwalimu wala daktari anayeongoza kikao. Hapo, kuteua matini ni tendo la uhakiki, na kosa la mhakiki lina gharama.

Tuchukue mfano wa Rosa Mistika (1971) ya E. Kezilahabi. Kwa kigezo cha maudhui, riwaya hii ingefaa: Zakaria ni baba mlevi, na ukali wake unachangia kuangamia kwa bintiye. Hata hivyo, Zakaria anatazamwa zaidi kutoka nje. Anapimwa na wengine kabla hajajipima mwenyewe. Isitoshe, Rosa anajiua. Darasani, tanzia hiyo ni hoja ya kujadiliwa. Kwa mtu aliyemaliza siku tatu tu bila kunywa, yaweza kusomeka kama utabiri. Hatudai kwamba riwaya ina dosari. Tunadai kwamba inamhutubia anayemtazama mlevi, si mlevi anayejitazama.

Kitabu cha chama cha Alcoholics Anonymous, kilichotolewa Marekani mwaka 1939, kina muundo tofauti. Sehemu yake kubwa ni masimulizi ya nafsi ya kwanza yanayoeleza msimulizi alivyokuwa, yaliyomfika, na alivyo sasa. Nguvu yake ni ya kifani: hadithi inapokwisha, mlevi yu hai na ndiye anayesema. Lakini nacho kisipokewe kibubusa. Ulevi unaosimuliwa humo hauna historia ya Eastlands, ambako serikali ya mji ya kikoloni ilihodhi biashara ya pombe Pumwani tangu miaka ya 1920. Wala haujui chang'aa, iliyopigwa marufuku mwaka 1980 na kuhalalishwa mwaka 2010, au pombe yenye sumu iliyoua zaidi ya watu 100 katika vitongoji vya Nairobi, Mukuru ikiwamo, mwaka 2000.

Kutokana na hayo, tunapendekeza vigezo vitatu. Kwanza, mlevi awe msimulizi au angalau asikike kwa sauti yake. Pili, matini iweze kusomwa kwa sauti kwa dakika chache, katika lugha ambayo aliyeacha shule mapema hataionea haya. Kuikataa Sheng kwa jina la usanifu ni kuwafungia mlango wengi. Tatu, matini idai jibu. Hapa jadi yetu ina hazina: malumbano ya washairi, yanayofahamika kwa wasomaji wa Taifa Leo, hujengwa juu ya imani kwamba neno la mmoja halijakamilika mpaka mwenzake ajibu.

Huenda ikasemwa kwamba matini bora kabisa ni masimulizi ya wanakikundi wenyewe. Ni kweli, lakini yanasemwa kwa ahadi ya siri, na mtafiti anayeyanukuu bila ridhaa anaivunja. Njia ya haki ni mwanakikundi kuandika mwenyewe, kwa jina la kubuni akipenda. Mpaka maandishi hayo yapatikane, mhakiki anayeombwa kitabu aanze kwa kuuliza ni nani anayesema ndani yake, na kama anabaki hai.